Kukunja ukingo wa fenda nyumbani ili rimu pana zikae: uzoefu wangu na rola

Nikibeba watu kiti cha nyuma, kila tuta lilikuwa na sauti yake: "kwaruu", upande wa kulia. Nilipochuchumaa na kupitisha kidole kwenye bega la tairi nikakuta mstari umechimbwa kwenye mpira, mwembamba kama uliopitishwa kisu. Kilichokuwa kikikata ni ule ukingo wa bati ambao kiwandani hukunjwa kuelekea ndani ya fenda.

Chanzo nilikijua. Nilitoa rimu za inchi 16 zenye upana wa inchi 7 na ofseti 45 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaofungwa kwenye gari; ikipungua, rimu inasogea nje), nikafunga za inchi 17, upana 8.5, ofseti 35. Upana umeongezeka inchi 1.5, sawa na milimita 38. Nusu yake, milimita 19, inaenda nje. Jumlisha 10 za ofseti iliyopungua, rimu imesogea nje milimita 29. Kwa ndani imekaribia shokapu kwa milimita 9, na hapo nafasi ilikuwepo. Matairi nayo yalitoka 205/55 kwenda 225/45 (upana kwa milimita, na kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo), kwa hiyo kimo cha gurudumu zima kimebadilika kwa milimita 2 au 3 tu. Tatizo halikuwa urefu wa tairi, lilikuwa ule ukingo. Ndipo nikanunua rola ya fenda.

Kifaa chenyewe ni rahisi kukielewa. Unatoa gurudumu, unafunga bamba lake la chuma kwenye habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) kwa nati zilezile za gurudumu. Bamba lina matundu ya kutosha kukubali habu za nati 4 na za nati 5. Kwenye bamba unatokea mkono unaorefushwa, na mwisho wa mkono kuna rola ya plastiki ngumu inayoweza kuinamishwa. Unaikandamiza kwenye ukingo, unapeleka mkono mbele na nyuma kufuata upinde, na bati linalala juu kidogokidogo. Gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Utakuwa unausukuma huo mkono kwa nguvu.

Fenda za mbele hazikunisumbua. Nilitoa skrubu za plastiki ya ndani, nikaosha matope yote (chembe moja ya mchanga chini ya rola inachora rangi), nikapasha moto, nikakunja. Kila upande ulinichukua chini ya saa moja.

Nyuma ndiko kwenye kazi. Kule bati ni mbili, ya nje na ya ndani, zimeunganishwa kwa nukta za welding hapohapo kwenye ukingo, na katikati kuna silanti ya kuzuia maji. Unene ni mara mbili na bati linagoma. Wapo walionishauri nipitishe grinda niukate ukingo wote. Ninawaomba wenzangu msifanye hivyo nyuma: ukikata, umeondoa zile nukta zinazoshika bati mbili pamoja na umefungua njia ya maji. Kutu itaanzia ndani, mahali usipopaona, na siku utakapoiona kwa nje rangi itakuwa imeshavimba.

Nilianza na rola ikiwa imeinama kidogo, nikapita mara nyingi bila pupa, kisha nikabadilisha pembe, jumla mara tatu. Kati ya mapito nilikuwa napuliza hewa ya moto nikilenga bati lifike takribani nyuzi 60, joto ambalo kiganja hakivumilii kutulia juu yake. Rangi ikiwa ya moto inanyumbuka, ikipoa inapasuka. Hilo nililiona kwa macho yangu: upande wa kushoto niliacha bati lipoe nilipokwenda kujibu simu, nikarudi na kuendelea moja kwa moja. Nikasikia mlio mdogo, kama ganda la yai, na ufa wa sentimita 4 ukatokea kwenye mkunjo. Niliusugua kwa msasa laini, nikapaka praima, rangi, kisha silanti mpya upande wa ndani. Kwa aliyesimama nje hauonekani, lakini mimi najua ulipo na ninaukagua kila nikiosha gari.

Malalamiko yangu kwa kifaa ni mawili. Kifungio cha urefu wa mkono kinateleza milimita moja moja unapokandamiza sana. Ilibidi nichore alama kwa kalamu ya wino mzito ili nijue kimesogea. La pili, karatasi ya maelekezo ina picha tu na haisemi neno kuhusu joto. Hilo ni kosa kubwa, maana anayeanza atavunja rangi fenda ya kwanza kabisa. Chuma chenyewe ni imara na rola haijalika.

Kwa gari ambalo fenda yake imewahi kugongwa na kujazwa puti, nisingekitumia. Puti haikunjiki, itabanduka vipande. Wala si kifaa cha kuivuta fenda itoke nje. Ukilazimisha, upinde unatoka na mawimbi ambayo fundi wa bodi ndiye atakayeyanyoosha.

Kujaribu kazi, nilipaka chaki nyeupe kwenye ukingo wote kwa ndani, nikajaza watu watatu nyuma na mizigo kwenye buti, nikapita kwenye matuta yaleyale na kukata usukani hadi mwisho pande zote. Niliporudi nikamulika kwa tochi. Chaki ilikuwa mahali pake, na mpira wa matairi ulikuwa mweusi mtupu. Baada ya kilomita 100 nilikaza tena nati zote kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, na tangu hapo "kwaruu" sijaisikia.