Gundi ya jeli au uzi? Nimejaribu vyote kwenye jiwe na gogo

Karibuni tena, wapenzi wa samaki. Angalieni hili jiwe. Nalishika kwa majani tu, nalinyanyua, linatoka tangini maji yanachuruzika, na mmea haubanduki. Umeshika kama ruba. Miezi mitano iliyopita niliubandika kwa gundi ya jeli, hii tyubu ndogo ya gramu tatu mnayoiona mkononi.

Mmea wenyewe ni Anubias, aina fupi iitwayo nana, na asili yake ni Kameruni. Jamii hii kwao huota kwenye mawe na magogo kandokando ya vijito, ndiyo maana haipendi kufukiwa. Nasogeza kamera, tazameni: hiki kishina kinene kilicholala, kimekaa kama kidole cha tangawizi, ndicho rizomu. Majani yanatokea juu, mizizi chini. Ukikizika mchangani kinaoza. Kibonyeze: kikiwa kigumu, kizima, kikibonyea na kunuka, kata sehemu hiyo upesi.

Sasa gundi. Iwe sayanoakrileti, yaani supaglu ya kawaida, lakini ya jeli. Mara ya kwanza nilitumia ya majimaji. Ikatiririka mpaka kwenye ncha inayotoa jani jipya, ikaiziba, na nusu ya kishina ikaoza. Iliniuma sana, mmea ule nilikuwa nao mwaka mzima. Jeli inatulia pale ulipoiweka. Weka tone kama punje ya choroko kwenye jiwe, bonyeza mizizi na upande wa chini wa rizomu, hesabu mpaka thelathini. Jiwe likiwa na unyevu kidogo usihangaike, unyevu ndio unaoigandisha. Ikishakauka haidhuru samaki. Kasoro yake ni doa jeupe kama chokaa. Mimi huinyunyizia mchanga ikiwa bado mbichi, doa halionekani.

Na hili tafadhali lizingatieni: msiifute kwa pamba wala kitambaa cha pamba. Ikikutana na pamba inaweza kupata joto kali la kukuunguza. Fungueni na dirisha, mvuke wake unachoma macho.

Kwenye gogo, jeli hainiridhishi. Gogo lililolowa muda mrefu lina utelezi, gundi inabanduka na ule utelezi wenyewe. Uzi wa pamba nao kwa Anubias siupendekezi: mmea huu unakua taratibu, hivyo uzi unaweza kuoza kabla mizizi haijashika. Huo uwekeeni mosi ya Java, ule mmea laini wa majini unaotanda kama zulia. Kwa Anubias natumia mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, mizunguko miwili au mitatu, unapita katikati ya majani, na siukazi. Ukikaza unakata kishina.

Ninyi mnaofuga samaki wa jamii ya sikilidi wa Ziwa Tanganyika, wale wachimbaji wanaong'oa kila mnachopanda, mmea huu unawafaa. Majani yake ni magumu kama ngozi, na maji ya alkali unayavumilia. Chagueni jiwe zito wasiloweza kulisukuma. Siku ya kwanza msiliingize kwao: lilazeni ndani ya beseni la maji usiku kucha, asubuhi mlitikise kwa nguvu, mmea usipocheza ndipo muwape.