Core i5-3470 na Core i3-4130: ipi inafaa kubebwa kutoka dukani Mombasa

Kwenye maduka ya kompyuta za ex-UK, Moi Avenue na Digo Road, mnunuzi wa bajeti ndogo mara nyingi huwekewa mbele mashine za namna mbili. Kuna Dell OptiPlex 7010 au HP Compaq Elite 8300 iliyo na prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i5-3470, na kuna Dell OptiPlex 3020 iliyo na Core i3-4130. Muuzaji huipigia debe hii ya mwisho kwa kuwa ni kizazi cha nne, na zile nyingine ni cha tatu. Sifa hiyo isikutoe pesa. Bei zikilingana, beba i5. i3 ina maana tu ikiwa bei yake imeshuka kiasi cha kukubakishia pesa za SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka), au ikiwa unapanga kuibadilisha prosesa baadaye.

i5-3470 ilitoka mwaka 2012. Ina kori nne kamili (kori ni kitengo cha kufanya kazi ndani ya prosesa), kasi yake ya msingi ni GHz 3.2 na turbo huipandisha hadi 3.6, na keshi yake, yaani kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa, ni MB 6. i3-4130 ni ya 2013: kori mbili zinazobeba thredi nne (mikondo ya kazi, miwili kwa kila kori), GHz 3.4 bila turbo, keshi MB 3. Ni kweli kizazi cha nne hufanya kazi nyingi kidogo zaidi katika kila mzunguko, lakini turbo ya i5 huifuta faida hiyo. Kwa kazi ya kori moja, kama kuandika barua kwenye Word au kupiga hesabu za duka kwenye Excel, zinakwenda sambamba.

Zinaachana mzigo unapoongezeka. Chukua kaunta ya saiba mwisho wa Juni, watu wamepanga foleni kuwasilisha ritani za KRA: kurasa kumi na tano za brauza zimefunguliwa, skana inavuta vyeti, PDF inabanwa ipungue ukubwa, na antivirasi imeamua kukagua diski saa hiyo hiyo. Thredi mbili ndani ya kori moja hugawana vifaa vilevile, kwa hiyo nyongeza yake ni kama robo hivi ya nguvu, haiwi mara mbili. Hapo i3 hujaa asilimia 100 na kipanya kikaanza kukwama, ilhali i5 bado ina pumzi. Mkutano wa Zoom huku skrini inashirikiwa huonyesha tofauti hiyohiyo.

Upande wa picha, i3 inashinda wazi. Grafiki yake ya ndani ni HD 4400 yenye vitengo 20 vya kuchakata. Ya i5-3470 ni HD 2500 yenye vitengo 6 tu. Kwa michezo myepesi na programu za usanifu, i3 isiyo na kadi ya picha itaiacha i5 isiyo na kadi. Video ni habari nyingine. Zote mbili hufungua H.264 (namna ya kubana video) kwa vifaa vyake, lakini YouTube siku hizi hutuma zaidi namna mpya za VP9 na AV1, na hapo kazi kubwa huangukia kori. Video ya 1080p ikikwama, weka kiongezi cha h264ify kwenye brauza. Kinailazimisha YouTube itume H.264. Dawa kubwa zaidi ni kadi ya GT 1030 ya GDDR5, inayofungua VP9 (ingawa si AV1), inatumia wati 30 na haihitaji waya wa ziada kutoka pawa saplai. Kagua mambo mawili kabla ya kulipa: kasha jembamba la SFF linataka kadi fupi yenye bamba fupi la kufungia nyuma, na ipo GT 1030 nyingine ya DDR4 ambayo ni dhaifu mno. Jina lao ni moja, kwa hiyo soma maandishi ya boksi.

Hata hivyo hununui prosesa peke yake, unanunua kasha zima, na hapa 7010 inaongeza alama. Madabodi yake yenye chipu ya Q77 ina nafasi nne za RAM na hufika GB 32. 3020 ina chipu ya H81, nafasi mbili, mwisho GB 16. Zote hutumia DDR3. Weka vipande viwili vya GB 4 badala ya kimoja cha GB 8, kwa sababu grafiki ya ndani hutegemea RAM na hupata njia mbili za kupitishia data. Jihadhari na RAM za bei ya kutupa zilizoandikwa kwamba ni za AMD: kwenye bodi hizi za Intel hazikubali, mashine haitaonyesha picha. Kuhusu SSD, ichomeke kwenye tundu la SATA (la kuunganishia diski) la Gb/s 6. Bodi zote mbili zinayo, ila si matundu yote ni ya kasi hiyo, na fundi mwenye haraka huchomeka popote.

Pawa saplai ndiyo inayowatoa watu jasho. 3020 haitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Yake ni ya pini 8. Ikiungua baada ya stima kurudi kwa kishindo, saplai ya kawaida haitaingia mpaka upate waya wa kubadilishia kutoka 24 kwenda 8. Uulize waya huo siku ya kununua, usingoje mashine izime.

Faida ya kweli ya i3 ni njia iliyo mbele yake. Soketi yake (tundu la prosesa kwenye bodi) ya LGA1150 hupokea i5-4570, yenye kori nne na turbo ya GHz 3.6, ambayo inazishinda hizi mbili. i5-3470 iko kwenye LGA1155 na hatua yake kubwa ni i7-3770. Prosesa hizi haziingiliani kati ya soketi mbili, hata zikifanana kwa macho. Kumbuka pini ziko kwenye bodi, si kwenye prosesa: ukiiachia prosesa ikaanguka ndani ya soketi, pini zitapinda, na bodi nyingi huishia hapo.

Kuhusu bili ya stima, hofu imezidi kipimo. i3 imewekewa wati 54, i5 wati 77. Hata tukijifanya kwamba zote zinakimbia kwa nguvu zote saa 8 kwa siku, siku 26, tofauti ni uniti 4.8 kwa mwezi. Ukikadiria uniti moja kwa shilingi 30, ni shilingi 144. Katika kazi ya kawaida inakuwa chini ya hapo sana.

Joto lenyewe lina uzito zaidi hapa pwani. Chumba kisicho na kiyoyozi msimu wa kaskazi huanza tayari na nyuzi 30 na kitu, na pesti ya kupitisha joto, ya miaka kumi, kati ya prosesa na feni imeshakauka. Fungua, puliza vumbi, futa pesti kuukuu kwa alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Pima kwa Core Temp: ikipita nyuzi 85 kazini, feni haijakaa sawa au bado imeziba. Hewa ya chumvi nayo hutia kutu meno ya RAM. Feni ikizunguka bila picha, toa RAM, sugua meno kwa raba ya penseli, rudisha. Badilisha pia betri ya CR2032. Ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka na eCitizen hukataa kufunguka kwa sababu ya cheti cha usalama, nawe utalaumu intaneti bure.

Dukani, usikubali kuonyeshwa Device Manager peke yake. Prosesa zote mbili huonyesha mistari minne pale. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, nenda sehemu ya Performance: i5-3470 isome Cores 4, i3-4130 isome Cores 2. Kisha soma herufi ya mwisho ya jina. i5-3470S ina kori nne lakini kasi ya msingi ni GHz 2.9. i5-3470T, inayopatikana kwenye vile visanduku vidogo, ina kori mbili tu na keshi MB 3. Kuilipia bei ya i5 ni hasara. Ukishuku jina limechezewa ndani ya Windows, washa upya uingie BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya Windows): F2 kwa Dell, F10 kwa HP.

Na usiongeze hata shilingi kwa kuambiwa ina Windows 11. Hakuna kati ya hizi iliyo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel huanzia kizazi cha nane. Imewekwa kwa kuruka ukaguzi, na sasisho kubwa likija huenda likagoma. Windows 10 nayo iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine ya kaunta inayoshinda kwenye brauza, Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows) na SSD ya GB 240 zinatosha, mradi printa na skana yako zijaribiwe kwanza kwa kuwasha Mint kutoka flashi kabla ya kufuta diski.