Uzoefu wangu: mwaka na miezi tisa binti yangu akiwa chekechea ya nje huku Luchelele, Mwanza

Mwezi wa kwanza mwaka jana nilimtoa binti yangu kwenye nasari moja ya mjini nikampeleka chekechea ya nje huku Luchelele, hii ambayo watoto wanashinda nje kutwa, hamna dawati hamna ubao, na tangu siku hiyo kila anayesikia ananiuliza sasa mtoto anajifunza nini huko. Nimekaa nao muda wa kutosha nadhani naweza kusema kitu cha uhakika, mazuri yake na lile jambo moja lililoninyima usingizi.

Kule alikotoka walikuwa watoto arobaini na kitu chumba kimoja, uwanja wote saruji, na mtoto wa miaka mitatu na nusu anarudi na homuweki ya kuandika 1 mpaka 50. Alikuwa anaandika huku machozi yanadondokea kwenye daftari afu mimi ndo nimemshika mkono, hiyo picha mpaka leo inaniuma. Gari la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, linamrudisha saa tisa amelala kwenye siti. Nikimuuliza leo mmefanya nini mama, ananijibu "tumekaa". Neno moja tu, tumekaa.

Hiki kituo kipo kwenye kilima kidogo kinachotazama ziwa, ukishatoka Nyegezi. Si eneo kubwa, ni mawe yetu haya haya ya Mwanza, mwembe mmoja mkubwa sana, mikuyu, bustani, jiko la kuni, vyoo, tenki la maji na banda la nyasi la kukimbilia mvua ikija na radi. Radi ya kwanza tu ikisikika kwa mbali watoto wote wanaingia bandani, hilo halina mjadala, na anayejua radi za huku ziwani ataelewa kwa nini.

Katikati kuna jiwe bapa, kubwa kama sebule mbili. Siku ya kwanza nilifika kwenye saa mbili kasoro nikamkuta mwalimu kakaa juu yake pekupeku, watoto wanakuja mmoja mmoja wanamsalimia kwa Kisukuma "mwangaluka", anawaitikia, wanavua viatu, kisha kila mtoto anaweka kiganja kwenye jiwe. Nikadhani ni mchezo. Kumbe ndo saa yao ile. Asubuhi jiwe la baridi, wanaimba hapo, wanahesabiana nani kaja na nani hajaja, afu wanaachiwa wacheze wanavyotaka, kupanda mawe, kuchimba, kufuatilia wale mijusi wenye kichwa chekundu na mwili wa bluu. Jiwe likianza kupata moto mtoto yeyote anayeligusa anawaambia wenzake na wote wanahamia chini ya mwembe, hakuna anayepiga kengele wala kufoka. Sasa hivi nyumbani naona binti yangu anaweka kiganja ukutani kabla hatujatoka, ananiambia "mama bado asubuhi". Hajui kusoma saa lakini hakosei!

Kuna kitu kingine nilikuwa nakaa Mwanza miaka yote na sikijui mpaka mtoto aliponionyesha. Kwenye mlingoti mrefu wamefunga kipande cha kitenge. Asubuhi kinapepea kuelekea ziwani maana upepo wa usiku unatoka nchi kavu, jua likishapanda nchi kavu ikapata joto kuliko maji upepo unageuka unaanza kutoka ziwani. Mtoto atakayekuwa wa kwanza kuona kitenge kimegeuka ndo anakimbia kumwambia mama wa jikoni, na hiyo ndo ishara ya kunawa mikono na uji. Wavuvi wa mitumbwi ya tanga wamekuwa wakienda na kurudi kwa upepo huo huo enzi na enzi, na mwanangu wa miaka minne alikuwa anaujua mimi mtu mzima siujui.

Baada ya uji ni kazi kidogo, kisha tena kukimbia, kisha chakula, hadithi kwenye mkeka, kulala, saa nane unamchukua. Mwalimu alinieleza kwamba wanaipanga siku kama pumzi, mtoto akishatoka nje kwa nguvu zote anarudishwa kwenye kitu cha utulivu, kisha anatoka tena, na kwamba huo utaratibu wa kurudia yale yale kila siku kwa saa ile ile wameutoa kwenye shule za Steiner, zile zilizoanzia Stuttgart Ujerumani mwaka 1919, na hili la kushinda nje kabisa ni la chekechea za msituni za Denmark miaka ya 1950 na baadaye Ujerumani. Mimi nilichoona kwa macho yangu ni kwamba mtoto aliacha kulia asubuhi. Anajua kinachofuata. Ndani ya wiki tatu hivi hata kulala usiku kulibadilika, saa mbili na nusu mwenyewe anatafuta shuka.

Wiki nayo ina mpangilio wake ila usimuulize mtoto leo ni Jumanne au Jumatano, atakwambia leo ni siku ya kusaga. Siku ya kusaga wanapewa mtama, wanapokezana kwenye jiwe la kusagia, unga ule ndo uji wa kesho yake. Kuna siku ya udongo, wanafinyanga. Kuna siku ya kutembea, na hiyo ndo anayoipenda kuliko zote maana ndo wanakutana na pimbi. Siku ya bustani anarudi mchafu kiasi kwamba namvulia nguo nje mlangoni, jiandae kufua.

Mama mkwe wangu yuko Misungwi, aliposikia alishangaa kweli. Aliniambia, "Mwanangu, mnalipa hela mtoto akachezee udongo? Udongo si huu hapa, bure?" Nikamwambia mama, Misungwi upo, kwetu Buhongwa haupo, uwanja wote tumemwaga zege na geti limefungwa. Akanyamaza, afu akasema basi nipeleke nikapaone. Tukaenda mwezi wa saba, kiangazi kimekolea, viazi vimevunwa. Wakamkaribisha akae kwenye lile jiwe akawaonyesha watoto kutengeneza michembe, anamenya kiazi, anakata vipande vyembamba, watoto wanavipanga mmoja mmoja kwenye jiwe vikauke na jua. Walivigeuza kila siku mpaka vikawa vinalia kaa! ukivivunja. Vile vile walipika mwezi wa kumi na moja wakati viazi vibichi vimeadimika, na binti yangu akaniambia hivi ni vya bibi, vya wakati wa vumbi. Nilikaa chini kidogo. Mtoto wa umri huo kuunganisha mwezi wa saba na wa kumi na moja kwa kitu alichokishika kwa mkono wake, mimi sijui daftari gani lingemfundisha.

Na hapa ndo nawasifu zaidi, hawakuleta majira ya Ulaya wakayabandika huku. Kule kwa wenzetu mwezi wa kumi na moja giza linaingia mapema, watoto wanatembea na taa jioni, ina maana yake kwao. Huku karibu na ikweta jua linazama kwenye saa moja kasoro, saa moja, mwaka mzima. Majira yetu ni ya maji, vuli, masika na kiangazi kirefu. Kwa hiyo kituoni mwaka unaanza mvua za vuli zikianguka, kumbikumbi wanatoka ardhini, wanaokotwa wanakaangwa, mbegu zinaingia chini, embe zinaiva, mpaka masika, mpaka vumbi. Na mwezi wa angani nao wanaufuata, kwa sababu ziwa lenyewe linaufuata. Wavuvi wa dagaa wanavua usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika maana taa haivuti samaki. Hata wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu kama moshi wanatoka zaidi mwezi unapoandama.

Usiku wao wa taa basi wameuweka kwenye giza la mwezi. Wazazi tuliitwa jioni moja, watoto wana taa walizotengeneza kwa makopo, tukapanda kwenye jiwe, taa zote zikazimwa. Ziwani kule mbele zimejaa taa za dagaa, ungesema kuna mji mwingine juu ya maji. Mzee mmoja wa jirani aliyekuwa mvuvi akawaambia zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zinaunguruma, sasa hivi ni za betri na sola. Watoto walikuwa kimya, wote. Binti yangu alinishika kidole akaninong'oneza "wanafanya kazi". Kweli mwanangu, wanafanya kazi, na kesho yake dagaa aliwala kwa heshima ambayo sijawahi kuiona.

Sasa lile jambo. Aprili mwaka jana, masika, nilikwenda kumchukua nikakuta kaptula imelowa na inanuka gugumaji. Nikamuuliza akasema tulikwenda kuona mtumbwi. Jamani moyo ulishtuka. Kila mzazi wa huku anajua ziwa lina kichocho, na wasiojua wajue haihitaji mtoto kunywa maji, vile vijidudu vinatoka kwenye konokono wa pembezoni vinapenya kwenye ngozi, dakika chache za kusimama majini zinatosha. Na hapo sijataja kuzama. Masharti waliyonipa siku ya kuandikisha yalikuwa wazi kwamba watoto hawagusi maji ya ziwa, hata yale ya kuchezea matope yanakaa kwenye tenki lililofunikwa siku mbili kwanza ili vijidudu vife. Kilichotokea ni kwamba mwalimu mkuu hakuwepo, msaidizi mpya akawashusha watoto sita mpaka ukingoni.

Nilipiga simu nikiwa natetemeka na sikuwa na lugha nzuri. Mwalimu hakujitetea. Alisema, "Mama, ni kosa letu, naomba msamaha, kesho nakuomba uje na baba yake tukae." Wakaita wazazi wote sita, wakatueleza kila kitu, wakapanga mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa kule chini ambao mtoto havuki bila watu wazima wawili, na msaidizi hashiki watoto peke yake mpaka amalize miezi mitatu. Kupima tulisubiri kama wiki sita maana daktari alisema ukipima choo mapema sana hakionyeshi kitu. Walilipia wao. Alikuwa mzima, nashukuru Mungu. Nimewasamehe lakini nyota moja nimeitoa hapo na siirudishi, ni nyota 4 kati ya 5, na ukienda kuandikisha mtoto popote karibu na ziwa hili uliza swali la maji kabla ya swali la ada.

Kuhusu kusoma. Ndiyo, mtoto wa jirani yetu wa umri huo huo anaandika jina lake na kuhesabu mpaka mia, wangu alikuwa hajui hata herufi a, na kuna usiku nilikaa nikajiuliza nimemfanyia nini mwanangu. Nilichokiona baadaye ni kwamba anahesabu vitu, si kukariri, akigawa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, kwa watoto watano anajua kila mmoja apate mangapi na yanabaki mangapi. Anasimulia hadithi ndefu yenye mwanzo na mwisho. Mikono ina nguvu, penseli ameishika mwezi uliopita kwa hamu yake mwenyewe akachora pimbi. Mimi limenitosha, ila mzazi mwenye haraka ya herufi atateseka hapa, heri aseme mapema.

Na muelewe kituo hiki kimesajiliwa Ustawi wa Jamii kama kituo cha kulelea watoto mchana, si shule ya awali. Mtoto lazima apite mwaka mmoja wa elimu ya awali kabla ya darasa la kwanza, kwa hiyo wangu Januari anahamia shule ya awali ya kawaida na nimeshaandaa moyo. Ningependa wapate usajili huo. Serikali yenyewe Desemba 2021 ilizindua programu ya MMMAM, yaani Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya watoto wa miaka 0 mpaka 8, na ndani yake kuna afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama, na mimi nikiangalia yote hayo naona ndo yanayofanyika chini ya ule mwembe.

Ada tunalipa laki tatu na nusu kwa muhula, uji na chakula vimo, usafiri haumo. Barabara ya mwisho masika ni tope, bajaji zinagoma, mara mbili nimembeba mgongoni. Taarifa zao pia zinachelewa, unaambiwa usiku kwamba kesho lete mbegu. Mtoto anahitaji kofia pana, buti za mvua, koti la mvua, nguo za kubadilisha pea mbili, na umfundishe mapema kutovunja vitawi vya minyaa ya uzio maana utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, wao wanafundisha lakini na wewe fundisha.

Mkitaka kwenda kuangalia wanaruhusu siku yoyote ila msiende mchana mkakuta wamelala. Nendeni kabla ya saa mbili, mvue viatu, jiwe likiwa bado la baridi.