Unaenda Dar na unataka kula kwa Mchina? Angalia wali kwanza

Wadau wa Mbeya mnaoshuka Kariakoo kufuata mzigo, hii ni yenu. Mwezi uliopita mimi na wifi yangu tulijilipua tukaingia mgahawa mmoja wa Kichina maeneo ya Masaki, taa nyekundu, samaki kwenye tanki, muziki laini, yani raha. Wali wa kukaanga ukaja umekaa mviringo kama bakuli lililogeuzwa, nikachomeka kijiko kikasimama chenyewe. Chini kidimbwi cha soya, juu mayai mabichi mabichi. Namuuliza mhudumu ananijibu "ndo ulivyo dada." Ndo ulivyo! Mimi niliyelelewa na mchele wa Kyela nifundishwe wali na mtu wa Masaki, mwe!

Kila mtu atakwambia angalia usafi, huduma, parking. Mi siongelei hayo. Angalia wali tu. Wali wa kukaanga unatakiwa upikwe jana, ulale kwenye friji (kwenye friji jamani, sio mezani, wali ukilala nje unaumwa tumbo), ukipoa punje zinakauka na kukaza, zikiingia kwenye karai lenye moto mkali kila moja inaruka kivyake. Wakitumia wa moto ulioiva sasa hivi unapata bokoboko, hata mpishi awe katoka Beijing. Kwahiyo ukikaa tega sikio jikoni. Unasikia upawa unagonga karai kwa fujo? Tulia, agiza. Kimya halafu maikrowevu inalia piii? Beba pochi yako uondoke.

Haya, kwangu namba moja ni zile sehemu zinazojaa Wachina wenyewe mchana, Mikocheni na Kariakoo unazikuta, menyu imeanza na maandishi yao, meza ya duara ina kioo cha kuzungusha. Taa za kama wodini na choo usikiulize. Agiza viazi vilivyokatwa nyuzi nyuzi vikakaangwa haraka na siki na pilipili kavu, vinabaki vinalia kacha kacha mdomoni, mi natoka Uyole viazi nimelima na sikujua kiazi kinaweza hivyo. Ila msiagize kila mtu sahani yake kama chips kuku! Sahani zinakaa katikati watu wanachota, mkiwa wanne chukueni tatu na wali, bei inashuka sana. Na ukiambiwa chakula ni cha Sichuan (jimbo la huko China) jua kuna vipunje vinatia ganzi ulimi, sio sumu, wifi alitaka kulia.

Namba mbili mtanicheka, ni Uchina wa Kihindi, yani Kichina kinachopikwa na Wahindi, zile za Upanga zenye Manchurian (vidonge vya mboga au kuku kwenye mchuzi wa soya). Manchurian ni ya Wahindi, China hawaijui, lakini mchele wao mrefu haugandi hata siku moja na mi nahukumu wali.

Mahotelini ni namba tatu, viti vizuri, wali wa baridi. Fraidi raisi ya kibandani ni wali na karoti, tusipoteze muda.

Kama hela haipo pika nyumbani. Chainizi, tangawizi na vitunguu vya majani soko la Mwanjelwa ni vya kumwaga, we nunua soya ya Lee Kum Kee tu, hawa watu wako kazini tangu 1888, wala silipwi. Zile chupa zisizo na jina mi siziamini.

Halafu bei. Mbona menyu inasema elfu 18 bili inakuja na VAT pembeni, na service, na maji ambayo hatukuagiza yalikuwa tu mezani? Andikeni bei moja mtu ajue anakufa na ngapi. Sisi watu wa Mbeya na Wachina tunajuana tangu wanajenga reli ya TAZARA 1970 mpaka 1975, hatukustahili hivi. Na lile bokoboko tulipoomba kufungiwa wakachaji boksi elfu moja. Wifi akagoma kulitupa, tumepanda nalo basi mpaka Uyole, tulipofika akalitia vitunguu swaumu.