Uzoefu wangu: kiyoyozi cha inverta cha BTU 12,000 kwenye chumba kidogo cha seva

Kwa kushusha joto nakipa nyota nne kati ya tano. Kwa unyevu nakipa mbili, na hata hizo mbili zimetokana na jinsi chumba kilivyozibwa, si na mashine. Kiyoyozi cha ukutani kimeundwa kumpoza mtu aliyekaa. Kinafuata joto tu. Unyevu kikiupunguza, basi umepungua kwa bahati, na usipopungua hakina habari.

Chumba ni cha mita 3 kwa 2.5, dari mita 2.7, hakina dirisha, kina raki moja (fremu ya chuma inayobeba seva). UPS (betri ya akiba inayolisha seva) inaonyesha mzigo wa vati 1,900 hivi. Umeme wote unaoingia kwenye seva hutoka ukiwa joto, kwa hiyo ukijumlisha taa na upotevu wa UPS yenyewe, hesabu ni vati 2,000. Zidisha kwa 3.412 upate BTU (kipimo cha joto) 6,824 kwa saa. Hapo wengi hukimbilia mashine ya 9,000 na kuona wamebakiwa na akiba. Hawajabakiwa na kitu. Namba iliyoandikwa kwenye kasha inajumlisha nguvu ya kupoza hewa pamoja na ile inayotumika kukamua maji kutoka kwenye hewa hiyo. Kwa mashine za majumbani mimi huhesabu robo tatu tu ya namba hiyo kuwa ya kupoza: 9,000 inabaki 6,750, haitoshi, 12,000 inabaki 9,000, inatosha na kubaki. Ya 18,000 nayo ni kosa la upande wa pili: inafikia joto haraka, inapumzika kabla koili (mabomba ya baridi ndani ya kiyoyozi) haijakamua maji ya maana, na chumba kinabaki na baridi yenye unyevu.

Mahali pa kukifunga pana uzito kuliko chapa. Kisiwe juu ya raki, kwa sababu siku mpira wa maji ukiziba, maji yatateremkia kwenye vifaa. Kimefungwa ukuta wa pembeni, mapezi yakielekeza hewa mbele ya raki, na kuyumba kwa mapezi kumezimwa. Nafasi zote tupu za raki zimezibwa kwa mabamba. Bila hayo hewa ya moto ya nyuma inapenya na kurudi mbele, na utakuwa unapoza chumba huku seva zikivuta joto lao wenyewe. Kiasi cha hewa kinachohitajika si siri: vati mara 3, gawa kwa tofauti ya joto unayoikubali. Vati 2,000 kwa tofauti ya nyuzi 10 ni mita za ujazo 600 kwa saa. Linganisha na karatasi ya mashine, kwenye mwendo wa feni utakaoutumia kweli, si ule wa juu kabisa ulioandikwa kwa herufi kubwa.

Nimekiweka nyuzi 24. Najua wapo wanaoona chumba cha seva lazima kikutetemeshe. ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi, wanapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27, unyevu usizidi asilimia 70 (50 kama hewa ina gesi za kutu), na kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke huanza kugeuka maji, kisipite nyuzi 15. Hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu wa asilimia 55 ina kiwango cha umande cha nyuzi 14 na kitu. Ipoze hewa hiyohiyo mpaka 18 bila kuitoa maji, unyevu unafika karibu asilimia 80. Ndiyo maana mtu anateremsha rimoti ili “kukausha” chumba, kisha anashangaa kipimo kinapanda. Ukitaka kujua kama chumba kina maji mengi, tazama kiwango cha umande, kwa sababu hicho hakibadiliki joto linapopanda na kushuka. Asilimia peke yake hudanganya: hewa ya asilimia 55 ikiingia seva kwa nyuzi 24 na kutoka kwa 34, nyuma ya raki itasomeka asilimia 31, na tone la maji halijapungua.

Doa kubwa la inverta liko hapa. Mzigo ukiwa mdogo kompresa hupunguza mwendo, koili inakuwa ya uvuguvugu kuliko kiwango cha umande, na ukamuaji unakoma. Joto litakaa 24 bila kuyumba, huku unyevu ukipanda taratibu hadi asilimia 65 majira ya mvua. Kushusha feni hatua moja husaidia, koili inakuwa baridi zaidi, ila usishuke mpaka hewa ipungue kuliko ile hesabu ya 600. Modi ya kukausha usiiguse: kwenye mashine nyingi inaendesha feni na kompresa kwa mpigo wake na joto ulilopanga inalipuuza. Kifaa cha kukausha hewa ndani ya chumba kinafanya kazi, lakini umeme wake wote, pamoja na joto linalotoka mvuke unapogeuka maji, vinarudi kuwa mzigo wa kiyoyozi.

Dawa yenyewe ni kuziba. Unyevu haujizalishi ndani, unaingia. Matundu ya kebo kwenye ukuta yalizibwa kwa povu la kuzuia moto, kingo za dari kwa silikoni, chini ya mlango ukawekwa ukanda wa mpira. Kipimo changu cha kazi hiyo ni chupa: elekeza mpira wa maji wa kiyoyozi kwenye chupa yenye alama na usome kila baada ya saa 24. Chumba kilichozibwa vizuri hukauka, na mtiririko unakaribia kukoma. Ukiendelea kupata lita kadhaa kwa siku, kuna tundu hujaliona. Kila lita inakula karibu kilovati-saa 0.68 ya nguvu ya kupoza.

Ukavu wa kupita kiasi si tatizo la vyumba vingi, ila ukitokea, usiweke kifaa cha kurusha ukungu kwa maji ya bomba. Madini yake yanageuka vumbi jeupe ndani ya seva.

Vipimo. Namba iliyo kwenye kiyoyozi ni ya hewa inayorudi kwake juu ukutani, haikuhusu. Weka kihisi mbele ya raki, chini, katikati na juu. Cha juu ndicho kitakacholalamika kwanza. Kihisi cha DHT11 kina kosa la nyuzi 2 na la unyevu asilimia 5, kiache kwa michezo. Cha SHT31 kinatosha kabisa, kosa lake la unyevu ni asilimia 2. Hakiki unyevu kwa chumvi: jaza kifuniko cha chupa chumvi ya mezani, idondoshee maji mpaka iwe kama mchanga mbichi, isiyeyuke. Ifungie na kihisi kwenye mfuko usiopitisha hewa, bila kugusana, kwa saa 8 au zaidi. Kinapaswa kusoma asilimia 75. Tofauti utakayoiona iingize kwenye programu. Kengele ya kwanza naiweka nyuzi 28, ya pili 32, na unyevu asilimia 65.

Kabla ya kumlipa fundi, zima swichi ya kiyoyozi kwenye boksi la umeme kwa dakika 2, kisha iwashe. Kirudi chenyewe, kwenye nyuzi zilezile, kompresa ikianza baada ya dakika 3 hivi. Kisiporudi bila rimoti, hakifai chumba cha seva hata kikigawiwa bure. Zima pia modi ya kulala, ambayo hupandisha joto usiku kimyakimya. Chumba hiki kina mita za ujazo 20 tu. Kiyoyozi kikizimika, kwa hewa peke yake vati 2,000 hupandisha joto nyuzi moja kila sekunde 12. Kuta na vyuma hupunguza kasi hiyo, lakini huna nusu saa.

Kwa hiyo mashine ziko mbili, zinafanana, kila moja na swichi yake. Ya kwanza nyuzi 24, ya pili 27, na kila wiki zinabadilishana zamu. Haihitaji kifaa cha kuziongoza: ya kwanza ikifa, joto likipanda ya pili inashika. Filta huoshwa kila wiki mbili siku ya kubadilisha zamu, na mpira wa maji hupulizwa siku hiyohiyo, kwa sababu mashine iliyopumzika wiki nzima ndiyo yenye utando wa kuziba.