Planet Coaster, Parkitect na RollerCoaster Tycoon: Ni Mchezo Upi Unaokufanya Meneja wa Kweli?

Watazamaji wangu, habari za wakati huu, na karibuni tena kutoka hapa Arusha. Leo naweka mezani michezo ya kompyuta inayomkabidhi mchezaji kiwanja, fedha kidogo na jukumu la kuendesha bustani ya burudani yenye bembea, vibanda vya chakula na zile treni za kupanda na kushuka kwa kasi ziitwazo rolakosta. Ninachotaka kukijua ni kimoja: ni upi kati yao unaokulazimisha kusimamia biashara, badala ya kukuachia ujenge tu?

Unaovutia macho kuliko yote ni Planet Coaster, uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Frontier ya Cambridge, Uingereza. Unakuruhusu kuunda jengo kipande kwa kipande, ukuta kwa ukuta na taa kwa taa, hadi kibanda cha soda kikafanana na ngome. Kwa upande wa ujenzi sijaona mshindani wake. Hata hivyo, fedha ndani yake hazina uchungu: ukishapata mitambo michache inayopendwa, faida inaingia yenyewe, na husikii tena haja ya kufungua ukurasa wa hesabu. Planet Coaster 2, wa mwaka 2024, umeongeza mabwawa ya kuogelea na mitelezo ya maji, ila unadai kompyuta yenye nguvu, na laptopu nyingi za mtumba tunazonunua mjini hapa hazitaumudu.

Parkitect ni habari nyingine kabisa. Ulikamilishwa mwaka 2018 na Texel Raptor, studio ndogo, na picha zake ni za kawaida, lakini humo chipsi hazizuki kibandani. Mzigo unashushwa kwenye lango la bidhaa, wapagazi wanabeba maboksi hadi kwenye kila kibanda, na kibanda kikiishiwa, mteja anaondoka na njaa yake. Isitoshe, wageni hawapendi kuwaona wapagazi wakipita na maboksi wala kuyaona maghala, hivyo unalazimika kuchimba njia za chini kwa chini, kupanda miti na kujenga kuta za kuficha. Yeyote aliyefanya kazi katika hoteli za kitalii za hapa kwetu anaijua kanuni hiyo: mgeni anaingia kwa mlango wa mbele, magunia ya mchele yanaingia kwa nyuma, na njia hizo hazikutani.

Tazameni hapa kwenye skrini. Kibanda hiki cha baga kimeishiwa, ilhali mpagazi bado yuko upande wa pili wa bustani kwa sababu njia imejaa watu. Kuajiri wapagazi zaidi kungekula faida kwa mishahara. Dawa yake ni kuweka bohari karibu na vibanda na kumtengea mpagazi njia yake. Hapo ndipo ninapousifu mchezo huu kwa moyo wote, maana tatizo lina chanzo unachoweza kukiona na kukifuatilia.

Kwa wenye simu pekee, upo RollerCoaster Tycoon Classic, unaounganisha michezo miwili ya kwanza ya mfululizo ulioanzishwa na Chris Sawyer mwaka 1999. Sawyer aliandika karibu programu yote kwa lugha ya asembli, iliyo karibu kabisa na lugha ya mashine, na ndiyo maana hata kompyuta dhaifu za enzi hizo ziliweza kuhimili umati wa wageni. Kila mtambo unapimwa kwa msisimko, ukali na kichefuchefu. Ukizidisha ukali, wageni wanakataa kupanda, na ukizidisha kichefuchefu, wasafishaji wako watadeki njia kutwa nzima.

Uamuzi wangu ni huu: mwenye kompyuta anunue Parkitect, na anayependa usanifu kuliko hesabu achukue Planet Coaster wa kwanza. Mwenye simu aanze na bustani ya Forest Frontiers, inayomtaka afikishe wageni 250 kabla ya Oktoba ya mwaka wa kwanza kwisha, na mvua ikianza kunyesha apandishe bei ya miavuli papo hapo, kwa kuwa wageni walioloa watailipa bila kunung'unika.