Ricketts Glen, Pennsylvania: shukia Ganoga, pandia Leigh

Kuingia hifadhi ya jimbo ya Ricketts Glen ni bure, tofauti na hifadhi nyingi za majimbo mengine ya Marekani zinazotoza kila gari getini. Kuna ziwa, Lake Jean, na uwanja wa kupigia kambi, ila kinachovuta watu ni Falls Trail, njia ya msituni yenye sehemu kubwa ya maporomoko 22 ya hifadhi hii.

Njia ina umbo la Y. Matawi ya juu ni bonde la Ganoga Glen, lenye maporomoko 10, na Glen Leigh, lenye 8. Yanakutana Waters Meet, kisha kijito kinateremka hadi barabara ya 118. Mzunguko mzima ni kama kilomita 11.6. Asiye na siku nzima aanzie maegesho ya Lake Rose, azunguke matawi mawili ya juu na kufungia na Highland Trail, njia inayounganisha ncha za juu za matawi hayo. Ni kilomita 5 hivi, na maporomoko 18 atakuwa ameyaona.

Kosa la wengi ni kushukia Leigh. Huko mwinuko ni mkali, na kwenye jiwe lenye maji kupanda ni afadhali: uzito unaegemea mbele na mkono una pa kushika. Ukishuka, kisigino ndicho kinachotangulia, nacho ndicho kinachoteleza. Ngazi zenyewe ni mawe bapa yasiyolingana kimo, na manyunyu huyalowesha hata jua likiwaka. Raba zilizolika soli ziache nyumbani.

Ganoga Falls, lenye mita 29, ndilo refu kuliko yote. Maji yake hayadondoki wima, yanaruka kutoka tabaka hadi tabaka la mwamba na kutanuka yanapokaribia chini.

Theluji ikiyeyuka, maji hujaa. Agosti maporomoko mengine hubaki michirizi. Oktoba msitu unapendeza, lakini majani yaliyoanguka na kulowa hufunika kingo za ngazi. Wakati wa barafu njia hufungwa, isipokuwa kwa wenye vifaa kamili vya kupandia barafu.

Wikendi fika asubuhi na mapema, maana maegesho ya Lake Rose hujaa. Vyoo malizana navyo kabla ya kuanza. Kuogelea ni Lake Jean, si chini ya maporomoko.

Ukiwa na mzee au mtoto mdogo, achana na ngazi: Adams Falls, mita 11, liko hatua chache tu kutoka maegesho ya barabara ya 118.